Mstari wa Thelathini na Moja

"Programu yako ni nzima. Kosa liko kwenye orodha yako. Mtu namba 31 alikufa mwaka 1943, akiwa na miaka mitano. Lakini orodha inasema amezaa watoto sita, wa kwanza mwaka 1958. Mama aliyekufa hawezi kuzaa. Ndiyo maana mti unakataa kuchoreka."

Ernest aliyasoma maneno hayo mara tatu, kidole chake kikiwa juu ya kioo cha kompyuta. Yaliandikwa kwa Kiingereza chepesi na mtu anayejiita Tuuli, ambaye Ernest hakumjua sura wala umri. Alijua tu kwamba anaishi nchi ya baridi na kwamba ana uvumilivu. Mara ya kwanza Ernest alidhani hakuelewa. Mara ya pili alidhani Tuuli ndiye hakuelewa. Mara ya tatu aliifungua ile orodha, akashuka mpaka mstari wa thelathini na moja, akaona jina la mama yake mzazi.

Asubuhi ile alikuwa amemwacha mama yake nyumbani Mwembesongo, amekaa juu ya mkeka, anachambua maharage na kulalamika kwamba siku hizi wauzaji wanachanganya mawe makusudi.

"Vipi, fundi? Wamekutukana tena?" aliuliza Abasi, mwenye kafe ile ya intaneti.

"Hapana."

"Mbona uso umekukauka kama umepigiwa simu ya msiba?"

Ernest aliinama akatoa kwenye mfuko wake daftari pana lenye jalada gumu, akalifungua taratibu kama mtu anayefungua kidonda.

Abasi alikuwa na haki ya kuuliza, maana kwa mwezi mzima alikuwa shahidi wa mambo haya. Ernest alikuwa fundi umeme wa kiwanda cha ngozi mpaka serikali ilipokiuza, na mnunuzi akang'oa mashine akaacha kuta. Katika umri wa miaka arobaini alijiandikisha masomo ya jioni ya kompyuta, akakaa benchi moja na vijana waliomwita "mzazi". Sasa alikuwa na miaka arobaini na sita, anatengeneza kurasa za mtandao za maduka na nyumba za wageni mjini Morogoro. Kilichowalisha hasa ni shamba la mama yake huko milimani, juu ya Matombo: ndizi, iliki na pilipili manga.

Mwaka huo kijiji kilitangaza kwamba kila ukoo ulete orodha ya watu wake upate hatimiliki ya kimila. Ardhi isiyo na orodha ingekodishwa kwa kampuni ya viungo. Mzee Severini, mjomba wa Ernest na mkuu wa ukoo, akateremka mjini na daftari lile kwapani.

"Wewe si ndiye mtu wa kompyuta? Tuchoree mti wa ukoo, tuubandike mkutanoni. Kila mtu ajione alipo."

Programu za kuchora miti ya familia zilikuwapo nyingi, lakini zote zilimning'iniza mtoto chini ya baba yake. Kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na shamba hufuata tumbo. Basi Ernest akaamua kuandika plagini yake mwenyewe, kipande kinachochomekwa kwenye maktaba ya JavaScript ambayo wengine wameshaiandika, ili ukurasa wowote uweze kuchora mti unaopita kwa akina mama. Hakumwambia mtu, ila alitamani siku moja kipande hicho kiwekwe mahali ambapo dunia nzima hukichukua bure, na juu yake pawe na jina lake na neno Morogoro.

Alipokwama aliandika kwenye jukwaa la wataalamu la mtandaoni. Barua yake ya kwanza ilianza: "Waheshimiwa wataalamu, natumaini ninyi na familia zenu hamjambo," ikaendelea hivyo nusu ukurasa kabla ya kufika kwenye shida. Jibu lilikuwa la mstari mmoja, la kudai maandishi ya programu yenyewe: "Msimbo uko wapi?" Abasi alicheka mpaka akashika meza. Mtu wa pili aliuliza kwa nini asitumie baba kama watu wote. Wa tatu alikuwa Tuuli. Tuuli alisoma msimbo wote, akamwonyesha palipo na uzito wa bure, tena akamwandikia kipande cha kukagua orodha kabla ya kuchora. Ernest alikichomeka kwa shukrani. Tangu siku hiyo ukurasa ukawa mweupe kama shuka.

"Nipunguzie orodha," Tuuli alimwandikia. "Nipe watu kumi tu, majina ya uongo, mahali kosa linapotokea."

Ernest alikaa saa nzima akijaribu kupunguza. Amfute nani? Kumwondoa aliye hai kwenye orodha ya ukoo ni kama kumwombea mabaya, na kumwondoa marehemu ni kumtukana kaburini. Akatuma watu wote mia mbili na kumi na wanne, kwa majina yao. Na kwa kuwa alijivunia kazi yake, anwani ya ukurasa ule wa jukwaani aliwapa ndugu wote wanaojua kompyuta, waone ukoo wao ulivyoingia kwenye mtandao.

Sasa alitazama daftari. Kwa sababu lilikuwa pana, alikuwa ameliingiza kwenye kompyuta kwa safu, rula ikiwa juu ya ukurasa: kwanza majina yote, kesho yake namba za mama zao, kisha miaka ya kuzaliwa, kisha miaka iliyowekewa msalaba, mwisho mahali mtu anapoishi. Hakuwahi hata mara moja kusoma mstari mmoja kutoka kushoto kwenda kulia.

Aliusoma sasa. Thelathini na moja. Filomena. 1938. Msalaba mdogo. 1943. Wino wa msalaba ulikuwa uleule wa jina.

"Abasi," alisema, "nipunguzie feni. Naona baridi."

Jasho lilikuwa likimtiririka shingoni.

* * *

Nyumbani mkewe, Cecilia, alimsikiliza akiwa amesimama jikoni na mwiko mkononi.

"Mwaka umekosewa, basi," alisema. "Mzee wa zamani aliandika kwa kibatari. Badilisha hiyo namba, mti uchoreke, twende zetu."

"Tuuli naye amesema hivyo. Amesema kama ni kosa la kuandika, nifute mwaka tu."

"Si unaona? Hata Mzungu amekwambia."

"Cecilia, aliyeandika daftari hili alikuwa katekista. Mtu aliyekuwa akiandika mpaka tarehe ya kuku kuatamia. Hata Waislamu wa ukoo wakifa aliwawekea msalaba, hakujua alama nyingine. Atakosea kifo?"

Cecilia aliweka mwiko chini. Wote wawili waligeuka wakatazama uani. Bibi Filomena alikuwa bado kwenye mkeka. Alikuwa ameshuka mjini kutibiwa macho, na daktari alimkataza kazi za karibu, lakini hakuna aliyeweza kumnyang'anya ungo.

"Ernest," aliita bila kugeuka, "mnanong'ona nini huko? Kama ni habari ya pesa ya dawa, mimi naona vizuri tu. Jiwe hili hapa nimeliona."

Ernest alitoka akachuchumaa karibu yake. Hakujua aanzie wapi. Hakuna lugha ya kumuuliza mama kama alikufa.

"Mama, wewe ulizaliwa mwaka gani?"

"Si uliniandikia mwenyewe kwenye kadi ya hospitali?"

"Daftari la mjomba linasema Filomena alikufa mwaka wa arobaini na tatu."

Mikono ya bibi ilisimama juu ya maharage. Kuku alikuja akadonoa punje mbili, akadonoa ya tatu, na hakuna aliyemfukuza.

"Kumbe waliandika," alisema hatimaye.

"Waliandika nini, mama?"

"Huyo mtoto. Nilidhani hawakumwandika."

Akaeleza kwa sauti ya kawaida, kama anayesimulia safari ya sokoni. Mwaka ule surua ilipita milimani ikafagia watoto. Huko chini, upande wa Gairo, mvua ilikuwa imekataa, na watu walikuwa wakitembea kutafuta kazi kwenye mashamba ya mkonge. Yeye alikuwa mdogo sana. Alikumbuka vumbi, na mguu wake uliokuwa na kidonda, na mahali penye treni palipoitwa Mikese. Mama yake alizungumza na watu wenye mizigo ya ndizi. Kisha yule mama akaenda na treni ikaenda, na yeye akapanda mlima mgongoni kwa mwanamke asiyemjua.

"Nilifika nikalazwa kwenye mkeka wa mtoto aliyekuwa amezikwa wiki ile. Nikanyolewa, nikapakwa unga. Wakaniita Filomena, na siku ya tatu nikaitika. Yule mwanamke akawa mama yangu. Alinipenda, Ernest. Usifikiri hakunipenda."

"Na yule mtoto?"

"Yuko chini ya migomba, karibu na jiwe la kunolea. Si kila mwaka nakutuma ukapalilie pale? Mlikuwa mnafikiri ni kaburi la nani?"

Ernest alikuwa amefikiri ni la babu fulani. Miaka thelathini alipalilia kaburi la mama yake asilijue. Cecilia alikuwa amesimama mlangoni, ameziba mdomo kwa kanga.

* * *

Siku ya pili yake alikuja Hashimu. Mama yake, Bi Chausiku, na Bibi Filomena walihesabiwa ndugu wa tumbo moja, kwa hiyo tangu utoto Hashimu alimwita Bibi Filomena mama mkubwa. Alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi mjini, na ilijulikana kwamba watu wa kampuni ya viungo walikuwa wameshakunywa naye chai mara kadhaa.

Aliingia uani na karatasi mkononi. Akampita Ernest, akasimama mbele ya mkeka.

"Habari yako," alisema.

Cecilia aliyekuwa akimletea kiti alisimama nacho hewani. Bibi Filomena alikuwa ameshaanza kufungua mdomo kwa marahaba, maana miaka arobaini Hashimu hakuwahi kumpita bila shikamoo. Mdomo wake ulibaki wazi kidogo, kisha ukafungwa.

"Nzuri, mwanangu," alijibu.

"Hashimu, umemwamkiaje mama mkubwa?" Ernest aliuliza.

"Mama mkubwa yupi? Wewe ndiye uliyeutangazia ulimwengu." Akaikunjua karatasi. Ilikuwa ile barua ya Tuuli, imeprintiwa vizuri. "Umenipa anwani mwenyewe, nikafungua. Mimi Kiingereza nasoma. Mtu namba thelathini na moja alikufa. Sasa huyu aliyekaa hapa nani? Na wewe nani? Shamba mnalovuna iliki ni la nani?"

"Kaa kwanza, unywe maji," alisema Cecilia.

"Sinywi." Hakukaa pia. "Jumamosi mkutanoni nitamsomea afisa ardhi. Mstari wa marehemu ufutwe, na kila kilichoning'inia chini yake. Sheria ni sheria, shemeji. Usinichukie mimi. Mchukie mumeo na kompyuta yake."

Alipoondoka, Bibi Filomena alichukua ungo wake. Alipepeta mara moja, mara mbili, halafu akasema kwa mshangao wa mtoto mdogo:

"Huyu nilimbeba mgongoni mpaka akaota meno."

Ernest aliingia ndani akakaa kitandani. Kiwanda kilipofungwa alisoma jina lake kwenye ubao wa waliopunguzwa, katikati ya majina mia tatu, akadhani hakuna orodha nyingine duniani itakayomfanyia hivyo. Na hii alikuwa ameiandika kwa vidole vyake mwenyewe.

* * *

Alirudi kwa Abasi kwa jambo moja tu, kuifuta ile orodha kwenye mtandao. Alikuta ujumbe mwingine kutoka kwa Tuuli.

"Samahani. Nimetazama tena na nimegundua majina haya ni ya watu wa kweli. Nimemwomba msimamizi ayaondoe, na ameshayaondoa. Ningepaswa kukuuliza kwanza. Jambo la pili ni kosa langu, si lako: kile kipande nilichokupa kinasimama kwenye kosa la kwanza. Ni uandishi mbaya. Mkaguzi mzuri hasimami. Anakusanya makosa yote, halafu anayaonyesha kwa pamoja. Badilisha hapo, utaona kama liko moja tu."

Ernest aliisoma barua ile akiwa na hasira ya mtu aliyeshikwa mkono na mgeni katikati ya msiba. Alitaka kufunga kompyuta aondoke. Lakini alikuwa fundi, na fundi akionyeshwa waya uliolegea hawezi kuondoka bila kuugusa. Alitoa mistari miwili, akaweka mitatu. Akauendesha msimbo.

Ukurasa haukuwa mweupe tena. Ulileta namba nne. Thelathini na moja, thelathini na tatu, arobaini, hamsini na mbili. Wanawake wanne waliokufa utotoni, wakaja kuzaa.

Namba thelathini na tatu alikuwa Chausiku, mama yake Hashimu.

"Abasi, njoo uone hapa."

"Fundi, mimi hayo ya msimbo…"

"Njoo usome jina tu. Nisije nikawa naota."

Abasi akasoma. Akalirudia kwa sauti ndogo, kisha akakaa kwenye kiti cha jirani.

Ndipo Ernest akafikiri jambo ambalo hata Tuuli hakulifikiri. Mkaguzi aliwashika wanawake tu, kwa sababu ni wao waliokuwa na watoto chini yao. Watoto wa wanaume huandikwa kwenye koo za mama zao. Je, wanaume? Akaandika kipande kingine, cha kwanza alichokitunga mwenyewe bila msaada wa mtu: nipe kila mwenye msalaba ambaye ana mahali anapoishi leo. Alibonyeza.

Majina yalikuwa saba. La juu kabisa lilikuwa namba thelathini. Severini. Alizaliwa 1935. Msalaba, 1943. Anaishi: nyumba ya mkuu wa ukoo.

* * *

Jumamosi walipanda milimani. Bibi Filomena alikataa kubaki mjini. Alivaa kanga mpya na kufunga kilemba, kama anayekwenda harusini. Njiani hakuzungumza ila mara moja, alipomuuliza Ernest kama jembe lipo, maana mkutano ukiisha angependa kupita pale kwenye jiwe la kunolea.

Mkutano ulikuwa kwenye darasa la shule ya msingi. Afisa ardhi, kijana aliyetoka wilayani, alikaa kwenye meza ya mwalimu. Pembeni yake alikaa Mzee Severini, amevaa koti, fimbo katikati ya magoti. Ernest alimwinamia.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Umeleta mti?"

"Sikuuleta, mjomba. Nimeleta kitu kingine." Akamwekea mkononi karatasi iliyokunjwa. "Tazama mwenyewe kwanza. Ukiniambia niichane, nitaichana."

Mzee hakuikunjua. Aliitia kwenye mfuko wa koti.

"Namba ngapi zimo?"

Ernest alimtazama. "Saba."

"Zilikuwa tisa. Wawili wamekwisha kufa kikwelikweli."

Hashimu hakusubiri. Afisa alipouliza kama kuna pingamizi, alisimama akasoma ile barua ya mtandao kwa Kiingereza kwanza, ili watu wasikie uzito wake, kisha kwa Kiswahili. Darasa lilitoa sauti kama ya mtu aliyekanyaga moto. Watu waligeuka kumtafuta Bibi Filomena, na waliokuwa wamekaa naye benchi moja walisogea kidogo. Hawakukusudia. Walisogea tu, ikabaki nafasi ya mtu mmoja kila upande. Cecilia akahama alipokuwa, akaiziba ya kulia.

"Kwa fomu hii," afisa alisema huku akigeuza kurasa, "kuna sehemu ya mzaliwa wa ukoo. Ni ndiyo au hapana. Kama mstari una msalaba, na marehemu alikufa mtoto, basi aliye chini ya mstari huo… kwa kweli inabidi tufute. Mzee, unasemaje?"

"Nasema kanuni iwe moja," alijibu Mzee Severini.

"Moja kwa wote!" Hashimu aliitikia.

"Umesema mwenyewe, mjomba wangu. Ernest, simama usome." Alitoa karatasi mfukoni, bado imekunjwa. "Anza na mimi."

Ernest alisimama. Akaichukua karatasi, akaikunjua.

"Mjomba, si lazima."

"Soma."

"Namba thelathini. Severini. Alizaliwa elfu moja mia tisa thelathini na tano. Alikufa…" Alimtupia jicho mjomba wake. "Alikufa arobaini na tatu."

Mzee Severini, aliyegawa mashamba ya ukoo ule miaka thelathini, aliyemwaga pombe ya matambiko kwenye kila kaburi la mlima ule, alikuwa amekaa na fimbo yake, akitikisa kichwa polepole kama anayekubali hesabu iliyo sahihi.

"Ngoja," alimwambia Ernest. Akainuka, akatembea mpaka kwa Bi Chausiku aliyekaa mbele karibu na mwanawe. "Dada yangu mdogo, nisamehe. Ulikuja na miezi michache, ukinyonya. Nilikuwa nimeapa kufa na neno hili. Mwanao amelifukua."

"Neno gani, kaka?" aliuliza Bi Chausiku.

"Soma, Ernest."

"Namba thelathini na tatu," Ernest alisema, na hakuweza kumtazama mtu. "Chausiku."

Bi Chausiku hakulia. Aligeuka akamtazama Hashimu usoni kwa muda mrefu, kama anayejaribu kukumbuka alimwona wapi. Ile karatasi yenye Kiingereza ilimtoka Hashimu ikaanguka sakafuni. Aliinama aiokote, akashindwa kuinuka, akabaki amechuchumaa kati ya madawati, mtu mzima mwenye duka.

Ernest alisoma waliobaki. Kila jina lilipotajwa, mahali fulani darasani mtu aliguna kama aliyepigwa mgongoni. Alipomaliza, afisa alikuwa ameshika kalamu lakini haijagusa fomu.

"Mzee, nikifuta hawa wote na uzao wao, wanabaki watu hamsini na kitu," alisema. "Sasa ukoo ni upi hapa?"

"Ndio huu unaouona. Mwaka ule akina mama wa mlima huu walikuwa na mikeka mitupu, na huko Mikese kulikuwa na watoto bila mikeka. Katekista aliandika vifo kwa sababu vilikuwa kweli. Hakuandika watoto wapya kwa sababu hawakuitwa wapya. Mimi nimelitunza daftari, sikufuta msalaba hata mmoja. Wale waliokufa nao walikuwa watu. Ningemfutaje mtoto wa mwenzangu, nami nimelala kwenye mkeka wake?"

Bibi Filomena aliinua mkono, kama mwanafunzi.

"Baba," alimwambia afisa, "kama fomu ina nafasi, usifute. Ongeza. Yule wa chini ya migomba umpe mstari wake mwenyewe. Mimi nimekaa kwenye wake miaka sitini na sita, naona nimembana."

Afisa alimtazama mtendaji wa kijiji, mtendaji akatazama dari. Hashimu alikuwa bado chini. Mama yake alimwekea mkono kichwani, naye hakuutoa.

"Kuna pingamizi?" afisa aliuliza.

Hakuna aliyejibu. Kijana akavuta fomu mpya, akapiga mistari kwa rula, akaanza upya kutoka juu. Alipofika thelathini na moja aliandika Filomena, akaweka msalaba na mwaka. Akashuka mstari mmoja.

"Sasa huyu wa pili, bibi. Wewe. Jina lako la kwanza, lile ulilokuja nalo, tuliandike pia. Uliitwa nani?"

Bibi Filomena alifungua mdomo. Alikaa hivyo. Macho yake mabovu yalitembea ukutani, kwenye ramani, kwenye ubao, kama jina lile lingekuwa limeandikwa mahali.

"Lilikuwa fupi," alisema. "Sauti ya mama naikumbuka, akiniita mlangoni. Jina silisikii."

Ernest alitaka kwenda kumshika, lakini Mzee Severini alikuwa bado amesimama katikati ya darasa, ameegemea fimbo, na kitu katika uso wake kilimzuia.

"Mimi nilikuwa na miaka minane," Mzee Severini alisema. "Mama alinipa mkono wako nikaushika, akasema usiuachie. Tulipofika huku walituambia kila mmoja asahau, nami nilikuwa mkubwa, nikawasaidia wadogo kusahau. Nilikuwa nakusikia usiku unamwita mama, nami nanyamaza, kwa sababu ningekuita tu ungejua mimi ni nani wako."

Alimgeukia yule bibi kizee aliyekaa karibu na Cecilia, ambaye kwa miaka sitini na sita alimwita dada mbele ya watu wote, bila mwenyewe kujua kwamba alimaanisha wa damu.

"Pili," aliita.

Na Bibi Filomena, kabla hajajua anafanya nini, akajikuta amesimama wima, mikono miwili kifuani.

"Abee," akaitika.